Ziwa Halina Mkia

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Kabula alikuwa na kazi yake. Alifunua gunia lililoloweshwa maji, akatoa mafungu ya ukindu na kuyachambua, laini upande huu, magumu upande ule. Kisha akayasogeza mbele ya mama yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshaketi kando ya ukuta na kuanza kusuka. Baada ya hapo aliuliza swali lile lile la kila siku.

“Mayu, umechoka?”

Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za Bariadi, mama aliitwa mayu.

“Sijachoka, mwanangu,” alijibu Milembe.

Nalo jibu lilikuwa la kila siku. Lakini Kabula alikuwa na macho. Aliona jinsi mama yake alivyonyoosha mgongo kwa kushika ukuta, na jinsi ncha za vidole vyake zilivyopasuka kama udongo wa Oktoba. Asubuhi Milembe alisuka. Jua likipanda alikwenda kupalilia mashamba ya watu. Jioni alichota maji, akapika, akasuka tena mpaka giza likamnyang'anya kazi mikononi. Baba yake Kabula alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, na habari zake zilikuja mara moja moja, kama mvua ya kiangazi.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Makapu ya Milembe yaligombewa sokoni Somanda. Ila miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa mabeseni ya plastiki, mekundu, ya kijani, ya bluu kama sare ya bendi, na mifuko ya nailoni ikaning'inizwa kila kibanda. Wanunuzi walipita mbele ya makapu ya Milembe wakisema, “Mazuri kweli haya,” kisha wakaenda kununua plastiki. Basi Milembe alisuka zaidi ili auze kidogo, na jembe likachukua nafasi iliyobaki.

Asubuhi hiyo, kabla Kabula hajafunika gunia, kengele ya baiskeli ililia uani. Ililia tena na tena, kama mtu aliyekuja na habari za msiba.

“Hodi hapa!”

Milembe aliacha kusuka. Kabula alichungulia, akamwona Mwalimu Benedikta, mwalimu wake wa darasa la sita, amesimama na baiskeli, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi.

“Karibu, Mwalimu. Mwangaluka,” Milembe alimsalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, Mama Kabula. Hapana, kigoda sitaki, nitachelewa gwaride. Nimekuja na ombi moja tu.” Mwalimu alivuta pumzi. “Jumamosi tunakwenda Lamadi, ziwani. Kuna kambi mpya ya wageni imefunguliwa ufukweni, na mwenyewe amealika shule yetu. Watoto wataogelea, watapiga makasia, watawaona akina mama wa kule wanavyosuka mafunjo. Nasi nataka twende na msusi wetu. Nimeona ni wewe.”

“Mimi?” Milembe alicheka kidogo, kicheko kilichokosa nguvu. “Mwalimu, mimi nina shamba la watu nimeahidi kupalilia. Ziwa ni la watu wenye nafasi.”

“Jumamosi moja tu, mama.”

“Jumamosi moja kwangu ni kubwa.”

Mwalimu Benedikta alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kulazimisha. “Haya. Basi niendelee kutafuta. Na bado nina shida nyingine. Natafuta wasichana wawili wanaojua kuogelea, wawaongoze wenzao majini. Mimi nimezaliwa kwenye ukame. Maji yakinifika magotini naita watakatifu wote. Goodness amesema anajua, ila mama yake hawezi kuacha duka, na mwalimu mkuu ameweka sharti: lazima angalau kiongozi mmoja aje na mzazi wake. La sivyo, safari hakuna.”

Kabula aliyashika maneno yale. Mtoto akienda, lazima mzazi aende. Alimwona mama yake ameketi mchangani, hana jembe, hana ndoo, upepo unampepea. Picha hiyo ilimjaa kichwani ikawa nzuri mno, hata hakuona aibu kuilipia kwa neno moja.

“Mwalimu, mimi najua kuogelea.”

Mama yake aligeuka. “Unajua?”

“Najua, mayu. Nilijifunza Shishiyu kwa guku. Nilivuka lambo lote.”

Guku ni babu. Na kuvuka lambo, kweli alivuka. Kila likizo Kabula alipelekwa Shishiyu kwa babu yake mzaa mama, na wakati wa kiangazi watoto walivusha ng'ombe ng'ambo ya bwawa, kwenye majani yaliyosalia. Ng'ombe walitangulia kuogelea, na kila mtoto alishika mkia wa ng'ombe wake. Kabula alimshika maksai mmoja mweusi, mnene, aliyetembea polepole mbele ya wenzake kana kwamba anakagua mradi. Babu alimpa jina la Waziri. Mtoto alishika mkia, akapiga miguu, akacheka, na kufumba na kufumbua yuko ng'ambo. Pale Shishiyu mtoto aliyevuka hivyo watu walisema, “Huyu anajua maji,” na hakuna aliyeuliza zaidi.

Habari ya mkia Kabula hakuisema. Alijiambia kwamba hakuulizwa.

“Kumbe nina bahati!” alisema Mwalimu Benedikta, uso umemng'aa chini ya vumbi. “Mama Kabula, sasa huna pa kukwepea.”

Milembe alimtazama binti yake. Kisha akatazama jembe lililoegemea mlangoni. “Haya,” alisema. “Tutakwenda.”

Shuleni habari ilifika kabla ya Kabula. Goodness, binti wa mwenye duka kubwa la mabeseni, alikuwa amezungukwa na wenzake chini ya kivuli cha darasa.

“Eti na wewe unajua kuogelea?” aliuliza. “Wapi? Kwenye beseni? Maana hata beseni kwenu sijawahi kuwauzia.”

Wasichana walicheka.

“Nimeogelea lamboni, Shishiyu.”

“Lamboni! Na vyura wakikupigia makofi!” Goodness alijishika kiuno. “Mimi nimeogelea Mwanza, kwenye hoteli anayofanya kazi mjomba. Maji ya bluu, unaona mpaka kucha zako.”

Kabula alitamani kunyamaza. Lakini mtu akishatia uongo mguu mmoja, mguu wa pili hufuata. “Maji ni maji,” alisema. “Anayejua anajua.”

Siku zilizofuata hazikumpa raha. Usiku aliota anashika mkia, mkia unakatika. Mara mbili alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu, na mara mbili akarudi. Akisema ukweli, safari itakufa, na mama yake Jumamosi ataamka na jembe. Afadhali nisiseme, alijiambia. Labda maji ya huko ni mafupi.

Jumamosi walipanda lori la pamba lililokuwa likirudi Lamadi tupu. Pamba nyeupe ilikuwa imebaki kwenye nyufa za mbao, ikawashika watoto kwenye nywele mpaka wakafanana na wazee. Waliimba, wakakohoa vumbi, wakaimba tena. Milembe aliketi pembeni, mgongo kwenye ubao, akisuka. Alikuwa amebeba ukili wake, yaani ule mkanda mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa kwa kuzungushwa ukawa mkeka. Ulikuwa mrefu, umekunjwa kama tairi, na njia nzima aliongeza urefu wake bila kuutazama.

“Mama Kabula, pumzisha mikono basi,” alisema Mwalimu.

“Mikono ikikaa bure inaniuma zaidi,” alijibu Milembe.

Mara watoto wa mbele wakapiga kelele. Ziwa lilikuwa limetokea. Kabula alisimama, akashika ukingo wa lori. Alitafuta ng'ambo, hakuiona. Maji yalikwenda, yakaenda, mpaka yakashikana na mbingu. Lambo la Shishiyu lingeweza kumwagwa humo na mtu asijue.

“Hili lambo lenu limekua,” Goodness alimnong'oneza sikioni. Lakini hata yeye sauti yake ilikuwa imepungua.

Ufukweni kulikuwa na mchanga mweupe, vibanda vya nyasi, na mitumbwi miwili imefungwa. Kando, kwenye kivuli, wanawake walikuwa wakisuka mafunjo, yale matete marefu yanayoota majini. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kicheko aliyeitwa Elina, aliinuka kumpokea Milembe.

“Karibu, dada. Vua ndala. Kwanza miguu isalimiane na mchanga, kazi baadaye.”

Milembe alivua ndala zake. Alikanyaga mchanga wa baridi penye wimbi, maji yakaja, yakamfunika vidole, yakarudi. Alisimama hapo kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Kisha Elina alimketisha kivulini, akaushika ukili na kuuvuta kwa mikono miwili.

“Eee! Umebana kama kamba ya meli! Huu nikiushona na mafunjo yangu, wageni wa kambi hii watanigombania. Wao plastiki wanayo kwao, hawaji kuitafuta huku. Unasuka mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Basi tutaongea. Ila pumzika kwanza, macho yako mekundu.”

Kabula alikuwa akiwaangalia. Alimwona mama yake akisema kitu, akiegemea nguzo, ukili mapajani. Baada ya muda kidogo kichwa kiliinama upande. Milembe alikuwa amelala. Mchana kweupe, mbele za watu, mama yake amelala! Kabula hakukumbuka kuona jambo hilo maishani mwake. Alifurahi, na akaogopa pia. Kwa maana sasa, kama angesema ukweli, zingepigwa kelele, na mama angeamka.

“Haya, wajukuu, sogeeni hapa!” aliita mzee mmoja mrefu, mkavu, mwenye shati lisilo na vifungo. Alikuwa Mzee Marcelo, mtunza mitumbwi wa kambi. “Nina amri chache, na sizirudii. Mnaona yale mafunjo? Huko hakuna kwenda. Maji yaliyotulia yana konokono wanaobeba kichocho, na viboko nao hawapendi wageni. Tunaogelea hapa tu, penye mchanga na wimbi. Mmesikia?”

“Tumesikia, babu!”

“Viongozi wa wasichana ni nani?”

Goodness alijitokeza. Alikuwa amevaa vazi la kuogelea la mtumba, jekundu, juu ya bukta ya kaka yake. Kabula alimfuata kwa gauni lake la zamani.

“Mnajua kweli?” Mzee Marcelo aliwatazama kwa zamu. “Sisemi ile ya mdomoni. Ziwa haliamini mdomo. Asiyejua aseme sasa, nimfundishe. Hakuna kosa.”

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kabula alimtazama mama yake chini ya kivuli, mdomo wazi kidogo, kifua kikipanda na kushuka.

“Najua, babu,” alisema.

“Najua,” alisema Goodness.

“Vizuri. Mimi nakaa kwenye mtumbwi ule pale. Njooni mpaka kwangu, mguse ubavu wake, mrudi. Wenzenu wakiwaona wataondoa woga.” Mzee akatembea majini, akapanda mtumbwi uliofungwa mbele kidogo, akaweka pembeni yake mpira mkubwa wa ndani wa tairi la lori.

Wasichana wawili waliingia. Maji yalifika magotini, yakafika kiunoni. Wenzao wakapiga makofi ufukweni. Hapo ndipo Kabula aliposikia mkono ukishika gauni lake kwa nyuma.

“Kabula,” Goodness alinong'ona. Meno yalikuwa yakigongana. “Usinicheke. Mimi sijui kuogelea. Mwanza nilikaa kwenye ngazi tu, nikachovya miguu. Nitakushika wewe. Wewe si unajua?”

Kabula alitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno. Lakini wimbi lilikuja kifuani, hatua yake iliyofuata haikukuta kitu, na mchanga ukawa umekwisha.

Alipiga miguu kwa nguvu, vilevile alivyopiga Shishiyu. Alipiga, akapiga, lakini hakuna kilichomvuta. Mikono yake ilitafuta mbele yake ule mkia mnene, wenye matope, ikashika maji matupu. Goodness naye alikuwa amemkumbatia shingo. Maji yakawaingia puani. Kabula aliona kijani, akaona mbingu, akaona kijani tena.

“Kabula! Goodness! Yesu wangu!” Mwalimu Benedikta alikuwa ameingia majini na viatu vyake.

Mzee Marcelo hakupiga kelele. Alirusha mpira wa tairi, ukamwangukia Goodness karibu na uso. Goodness aliachia shingo ya mwenzake akaukumbatia, na mzee akamvuta kwa kasia mpaka ubavuni mwa mtumbwi. Lakini Kabula alikuwa amesukumwa upande mwingine.

Milembe aliamka kwa jina la mwanawe. Aliona gauni lile likizama na kutokea, akakimbia, na ukili bado ulikuwa mkononi. Naye kuogelea hakujua. Aliingia mpaka maji yakamfika kifuani, akashika ncha moja ya mkanda, akazungusha mkunjo uliobaki na kuurusha kwa nguvu zote za mkono uliozoea jembe. Ukili ulifunguka hewani, ukaanguka juu ya maji.

“Shika, ng'wanone! Shika!” alipaza sauti kwa Kisukuma. Shika, mwanangu.

Kitu kigumu, kilicholowa, kilipita kwenye kiganja cha Kabula. Vidole vyake vilikijua kabla kichwa hakijakijua. Alikishika kama mkia wa Waziri, akapiga miguu. Na safari hii alivutwa.

Walimlaza mchangani, akatapika maji, akalia, akatapika tena. Goodness alikuwa pembeni amefunikwa khanga ya Elina, hana hata neno moja la mzaha. Mwalimu Benedikta alitetemeka kuliko watoto.

“Kabula, uliniambia unajua! Ulivuka lambo lote, ndivyo ulivyosema!”

“Nilivuka, Mwalimu,” Kabula alilia. “Nilivuka na Waziri.”

Watu walitazamana.

“Waziri gani tena?” aliuliza Elina. “Waziri alikuja kuogelea Shishiyu?”

“Ni maksai wa guku. Nilishika mkia wake.”

Kicheko kilimtoka Elina kabla hajakizuia, kikawapata wanawake wengine, kikampata hata Mwalimu, ambaye alicheka huku akifuta machozi. Mzee Marcelo peke yake hakucheka sana. Alichuchumaa mbele ya Kabula.

“Mjukuu wangu,” alisema, “aliyekuwa anajua kuogelea ni ng'ombe. Ziwa hili halina mkia.”

“Hata mimi sijui,” Goodness alisema ghafla kutoka ndani ya khanga. “Nilidanganya. Nilimshika yeye ndiyo maana alizama. Nisamehe, Kabula.”

“Mimi ndiye niliyepaswa kusema,” alijibu Kabula.

“Na mimi ndiye niliyepaswa kuwajaribu kwenye maji mafupi,” alisema Mzee Marcelo, “badala ya kuwaamini kwa macho. Nalo hilo ni kosa langu, nalisema. Sasa inukeni. Hakuna kurudi Bariadi na hofu hii. Hofu ukilala nayo nyumba moja, haihami.”

Basi aliwarudisha penye maji ya magotini. Walisitasita, ila walikwenda. Aliwafunga ukili kiunoni, Milembe akashika ncha ufukweni, na mmoja baada ya mwingine akawalaza chali juu ya kiganja chake. “Legeza shingo. Tazama mawingu. Acha kupigana na maji, hujayakosea kitu.” Kabula alizama masikio, akasikia mlio mzito wa ziwa, na polepole kiganja cha mzee kikaondoka mgongoni. Alikuwa akielea. Hakushika chochote. Halikuwa jambo kubwa la kwenda mpaka kwenye mtumbwi. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwa lake kweli. Baada yao wenzao wote walitaka zamu, na ukili ule ukafanya kazi mpaka jua likapinda.

Walipokaa kula mihogo na samaki, Mwalimu Benedikta alisogea karibu na Kabula.

“Sikugombezi tena,” alisema. “Nataka kuelewa tu. Wewe si mtoto wa majivuno. Kwa nini ulisema unajua?”

Kabula alichora mchangani kwa kidole. Alifuta, akachora tena.

“Ulisema mtoto akienda, lazima mzazi aende. Nilitaka mayu aje akae.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nyumbani hakai. Kila siku namuuliza kama amechoka, anasema hajachoka. Nikaona mtu anayesema hajachoka hawezi kuambiwa apumzike. Nikatafuta njia nyingine.”

Mwalimu aligeuka. Alimtazama Milembe, aliyekuwa amesikia kila neno, kipande cha muhogo mkononi.

Milembe aliweka muhogo chini. Aliutazama ukili wake uliolowa, umejaa mchanga, umelegea pale ulipovutwa na uzito wa mtoto wake, lakini haukukatika.

“Kabula, njoo hapa,” alisema.

Kabula alikwenda akaketi kando yake.

“Ulichofanya ni kibaya. Ungekufa, na ungeondoka na mtoto wa mwenzangu. Ukimpenda mtu, usimpe zawadi ya uongo; hata ikiwa nzuri, wewe ndiye utakayezama nayo. Neno ‘sijui’ halijamzamisha mtu yeyote. Ungelisema mlangoni kwetu, ungelisema shuleni, ungelisema mbele ya babu huyu, wakati wowote tungecheka kidogo, yakaisha. Umesikia?”

“Nimesikia, mayu.”

“Na nyinyi wengine mmesikia?” Mwalimu aliwauliza watoto waliokuwa wamesogea.

“Tumesikia.”

Milembe aliuchukua tena muhogo wake. Ilionekana amemaliza. Elina, aliyekuwa akiuosha ukili mchanga kwenye beseni lake, alisema bila kuinua kichwa, “Dada, mkanda huu niachie. Na kila lori la pamba likija, nitumie mwingine; mimi nashona, mauzo ni ya wote wawili. Jembe la watu uwaachie watu wenyewe. Sasa mbona hujalala tena? Hujachoka?”

“Sija—” alianza Milembe.

Neno lilikwama. Kabula alimtazama. Mwalimu alimtazama. Wimbi lilikuja, likarudi, na Milembe bado alikuwa amelishika lile neno nusu mdomoni, kama mtu aliyebeba ndoo nzito asijue aitue wapi.

“Uongo huu,” alisema polepole, “mtoto huyu kaupata kwangu. Kila alfajiri ananiuliza, kila alfajiri namdanganya. Nilifikiri namkinga. Kumbe namfundisha.”

Alivuta pumzi ndefu, akauweka mkono wake wenye vidole vilivyopasuka juu ya kichwa cha binti yake, kwenye nywele zilizokuwa bado na pamba.

“Niulize tena, mwanangu.”

Kabula aliinua macho. “Mayu, umechoka?”

“Nimechoka,” alisema Milembe, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia. “Nimechoka sana. Nisaidieni.”